Digrii ya ustawi wa jamii: piga hesabu ya deni na mshahara kabla ujaze KUCCPS

Swali la ati hii kozi inalipa ama hailipi ni swali bovu, juu jibu lake ni "inategemea" na hilo haliwezi kukusaidia kujaza fomu. Swali la maana ni hili: siku ya kumaliza nitakuwa nadaiwa ngapi na nani, mshahara wa kwanza ukishakatwa kila kitu utabaki ngapi, na kati ya hizo siku mbili kuna miezi mingapi ya kukaa bila kitu. Vitu vitatu. Wengi hupiga hicho cha kwanza nusu nusu, cha pili wanakisia kwa maneno ya watu, cha tatu hawagusi kabisa, na hicho cha tatu ndicho humaliza watu.

Naongea na mtu anayetaka kusoma ama kufanya kazi Nairobi. Toa karatasi, simu ya kalkuleta inatosha.

Deni lililo kwa karatasi

Kama ulipata C+ KCSE na KUCCPS, ile ofisi inayogawa nafasi za vyuo, ikakupeleka chuo cha umma, tangu 2023 ada yako inagawanywa mara tatu, kuna skolashipu ya serikali, kuna loni ya HELB, ile bodi ya serikali ya kukopesha wanafunzi, na kuna ya nyumbani. Mgao unategemea bendi uliyowekwa baada ya kujaza yale maswali ya hali ya familia. Bendi ya 1 ni skolashipu asilimia 70, loni 25, nyumbani 5. Bendi ya 2 ni 60, 30, 10. Bendi ya 3 ni 50, 30, 20. Ukifika bendi ya 5 ni 30, 30, 40. Mahakama Kuu iliutupa huu mfumo Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha huo uamuzi mwaka uliofuata, halafu 2025 hiyo hiyo serikali ikapunguza ada za kozi, so usitumie namba za binamu yako aliyeingia 2023. Soma barua yako wewe.

Mfano. Tuseme kozi ni 180,000 kwa mwaka na uko bendi ya 3. Skolashipu 90,000, loni ya ada 54,000, nyumbani 36,000. Juu ya hiyo kuna loni ya matumizi, ile huingia kwa simu yako na kuisha kabla hujajua imeenda wapi, tuseme 50,000. Hapo HELB inakuandikia 104,000 kila mwaka, na kwa miaka minne ni 416,000. Nyumbani nao wametoa 144,000 kwa ada peke yake, bado rumu, bado fea, bado kopi za noti.

Kama bendi haifanani na hali ya kwenu, kata rufaa kwa portal, usikae tu ukilalamika kwa grupu ya WhatsApp. Kwa mfano wetu, kutoka bendi ya 3 kwenda ya 2 loni haibadiliki lakini nyumbani wanabaki na 18,000 kila mwaka, yaani 72,000 kwa kozi nzima. Hiyo ni pesa ya miezi kadhaa ya rent ukitafuta kazi, na utaihitaji, tutafika hapo.

Chuo cha kibinafsi ni hadithi ingine. Hata ukipelekwa huko na KUCCPS unaweza kuomba loni ya HELB lakini skolashipu ya serikali hupati. So yale yote skolashipu ingebeba yanageuka kuwa loni ama yanaangukia mzazi. Sisemi usiende, kuna vyuo vya kibinafsi hapa Nairobi vinafundisha hii kazi vizuri sana na vinakutafutia mahali pazuri pa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ila jua unachonunua. Soko la kazi ni lile lile, na hakuna mwajiri nimewahi kuona akimwongezea mtu mshahara juu alisomea chuo cha bei.

Deni ambalo haliko kwa ledger ya HELB

Hapa ndipo hesabu za watu wengi huwa uongo. Ukiulizwa unadaiwa ngapi unasema "HELB tu". Na ile loni mama alichukua kwa Sacco ukiingia first year? Na mjomba aliyetoa 30,000 akasema "tutaongea"? Na dada yako aliyekatiza kozi yake ya saluni ndio wewe usome? Andika yote, hata ile ambayo hakuna mtu atakuja kukudai na mdomo, juu utailipa tu, utailipa na karo ya mdogo wako akiingia senior school, utailipa na mabati, utailipa kila Desemba.

Ukishaandika, weka riba kando ya kila moja. HELB ni asilimia 4 kwa mwaka. Sacco nyingi ni asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalobaki, hiyo ni 12 kwa mwaka. Loni za simu na shailoki sitaki hata kuandika, wewe mwenyewe unajua walikukata ngapi mara ya mwisho. Maana ya hii orodha ni kwamba HELB ndiyo pesa ya bei rahisi kuliko zote utawahi kukopa maishani. So ukipata kapesa ka ziada usikimbie kumaliza HELB ukiacha mama akikatwa asilimia 12. Lipa HELB ile installment yake, isipite tarehe, na hiyo ingine ya ziada ielekeze kwa Sacco.

Mshahara: angalia ule unaoingia

Tangazo la kazi litasema gross, mshahara kabla ya makato. Wewe unakula net, kile kinabaki. Kwa viwango vya 2025, chukua mtu anayelipwa 40,000 kwa NGO ndogo hapa mjini. NSSF ya pensheni asilimia 6, hiyo ni 2,400. SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, hiyo ni 1,100. Housing levy asilimia 1.5, 600. Hizo tatu hutolewa kwanza kabla ya kodi kuhesabiwa, unabaki na 35,900 ya kutozwa PAYE, ndiyo kodi ya mshahara, ukipiga viwango na kutoa ile relief ya 2,400 kodi inakuja kama 3,150. Kinachoingia kwa akaunti ni kama 32,750.

Sasa toa HELB. Deni la 416,000 kwa asilimia 4, ukilipa kwa miaka sita ni kama 6,500 kwa mwezi. Unabaki na 26,250. Tuseme bedsitter ya 9,000 na fea ya 200 kwa siku ukienda kazi siku 22, hiyo ni 4,400. Imebaki kama 12,850 ya chakula, stima, maji, bundles, nguo, na watu wa nyumbani. Inawezekana. Si raha, lakini inawezekana kama umekaa mwenyewe na huna mtoto.

Ukinyoosha hilo deni lifike miaka kumi installment inashuka mpaka kama 4,200. Utalipa jumla kama 505,000 badala ya kama 468,000, tofauti ya 37,000 hivi kwa muda wote huo. Watu watakuambia ati ni ujinga kulipa riba zaidi. Mimi kwa mshahara wa 40,000 ningenyoosha bila aibu, hiyo 2,300 ya kila mwezi ni unga, na loni ya simu ingenikata zaidi. Hizi namba zangu ni za kukadiria, kumbuka, ledger yako ya HELB ndiyo ina deni kamili la siku unaanza kulipa.

Shusha mshahara uone. Gross 25,000, ambayo kwa CBO, kashirika kadogo ka mtaani, si ajabu: PAYE inakuwa sufuri, unabaki na kama 22,400. Toa 6,500 ya HELB, toa rent, toa fea, umebaki na 2,500. Hapo hakuna hesabu, hapo ni lazima ukae kwa mzazi ama uishi watatu kwa nyumba moja. Panda mpaka 60,000 na net inakuwa kama 45,300, na hiyo HELB ya 6,500 unaanza kuiona kama bili ya kawaida.

Kipimo changu ni hiki, kila mtu na chake: deni lote, la HELB na lile la Sacco ya mama, lisipite net ya mwaka mmoja wa kazi unayoweza kupata kweli. Net ya 32,750 mara 12 ni 393,000. Deni la 416,000 limepita kidogo, bado linabebeka. Deni la 900,000 kwa chuo cha bei na kazi ya kuanza ni hiyo hiyo? Tafuta njia ingine ya kuingilia.

Namba za kweli utazitoa wapi

Usiulize lekchara, lekchara anataka darasa lijae. Kwa kazi za serikali, kama afisa wa watoto ama afisa wa probation, soma matangazo ya Public Service Commission, huwa yameandika mshahara, house allowance na commuter wazi wazi, na utaona mwenye diploma na mwenye digrii wanaanzia wapi. Kwa NGO ni ngumu zaidi, wengi huandika "competitive" na hiyo haina maana yoyote. Tafuta watu waliomaliza kozi yako miaka miwili ama mitatu iliyopita, LinkedIn wako, na uwaulize polepole: "Boss, pole kwa usumbufu, mtu akianza hapo kwenu anaweza kutarajia kati ya ngapi na ngapi?" Ukiuliza mtu anapata ngapi yeye atanyamaza, ukiuliza anayeanza atakujibu.

Na uulize kitu ingine muhimu kuliko mshahara: kontrakti ni ya miezi mingapi na pesa ni ya nani. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje na USAID ikafungwa katikati ya mwaka huo huo, na hapa Kenya miradi ya watoto mayatima na ya HIV ambayo ndiyo ilikuwa inaajiri vijana wengi wa hii kozi ilisimama ghafla. Watu walipewa barua wakiwa field. So mshahara wa 70,000 kwa mradi wa mfadhili mmoja unaoisha baada ya miezi minane, kwa hesabu yangu, si 70,000. Zidisha kwa minane, gawanya kwa kumi na mbili, unapata kama 46,700 kwa mwezi. Hapo ndipo utaona afisa wa kaunti ambaye mlikuwa mnamcheka hajakosea sana.

Kitu kingine ambacho wanafunzi hawaambiwi ni kwamba kazi za children's home zinapungua kwa mpango. Kuna mkakati wa taifa wa 2022 mpaka 2032 wa kutoa watoto kwa makao na kuwarudisha kwa familia, na Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inasukuma upande huo huo. Kazi inahamia kwa kutafuta jamaa, kukagua nyumba, kufuatilia kesi, kufanya kazi na korti ya watoto. Mtu anayejua kuandika ripoti ya familia ambayo hakimu anaweza kuitumia ana soko. Mtu ambaye CV yake imejaa "kucheza na watoto kwa home" atasumbuka.

Ile miezi ya katikati

Umemaliza. HELB inakupa mwaka mmoja, baada ya hapo unatakiwa uanze kulipa hata kama hakuna aliyekuajiri. Ukinyamaza, faini ni 5,000 kila mwezi, na jina linaenda CRB, kwa orodha ya wasiolipa madeni. Weka hizo namba pamoja: riba ya mwaka mzima kwa 416,000 ni kama 16,600. Faini ya miezi minne ni 20,000. Yaani kunyamaza miezi minne ni ghali kuliko riba ya mwaka. Kila mtu huogopa riba na riba haijawahi kuwa shida, shida ni huo ukimya.

So mwezi wa kumi baada ya kumaliza, kabla mwaka uishe, waandikie. Barua pepe, jina, namba ya kitambulisho, useme huna kazi na unaweza kutoa ngapi kwa mwezi, hata kama ni 1,000, na uombe wakujibu kwa maandishi. Hifadhi hilo jibu. Na mara kwa mara HELB hutangaza msamaha wa faini kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo, ukiskia hiyo na kuna mtu wa familia anaweza kukukopesha bila riba, hiyo ndiyo siku ya kumpigia.

Kwa hesabu yako ya mwanzo, weka mwaka mzima bila mshahara. Si kwamba lazima ukae mwaka, kuna wenye bahati. Lakini kama mpango wako unafanya kazi tu ukipata kazi mwezi wa pili, huo si mpango.

Kuna kazi za kujitolea za huo muda na hapa uwe mkali kidogo. Ukiona tangazo la "posho ya 10,000" na kazi ni ya siku tano, jua kima cha chini cha mfanyakazi wa kawaida kabisa Nairobi kilichowekwa Novemba 2024 ni 16,113. Kubali kama kuna kitu unajifunza na kuna tarehe ya mwisho. Bila tarehe ya mwisho wanakutumia tu.

Atachimenti ndiyo inaamua mshahara wa kwanza

Nitakaa hapa kidogo juu ni kitu unaweza kubadilisha. Wanafunzi wengi huchukua atachimenti iliyo karibu na nyumbani ndio wasitumie fea. Wiki kumi na mbili baadaye wana barua na hawana ujuzi. Afadhali ukope fea.

Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya umma, kwa mfano. Asubuhi benchi imejaa, kila mtu ameshika karatasi ya bili iliyokunjwa mara nne. Mwanafunzi anaitwa, "njoo uketi hapa uandike." Mama anaketi, unamuuliza, "Mama, nyumbani mko wangapi? Nani analipa rent? Bima ya SHA iko?" Anasema anafua nguo za watu mtaa wa Pipeline, siku zingine anapata, siku zingine hapati. Unaandika nusu ukurasa ambao madam wa ofisi ataubeba kwa kamati ya kusamehe bili, na kamati itasoma hiyo nusu ukurasa peke yake, haitamwona huyo mama. Ukiandika vibaya anabaki wodini siku zaidi na bili inapanda. Baada ya wiki chache za hiyo unaandika ripoti iliyonyooka, na hiyo ndiyo kitu huulizwa kwa intavyu: tuambie kesi moja uliyoshughulikia, ulifanya nini, iliishaje. Ofisi ya watoto ya sub-county ni hivyo hivyo, na probation. Mashirika ya wakimbizi Eastleigh pia, kama unaongea Kisomali ama Kiswahili cha Kongo una kitu mkononi ambacho digrii haikupi.

Kuanza na diploma

Kama una C- ama hesabu yako ya digrii imekataa, diploma si aibu. Miaka miwili mpaka mitatu, ada ya chini, deni dogo, na kazi nyingi za mtaani zinakubali diploma. Halafu unaingia digrii jioni ama wikendi ukiwa unalipwa, vyuo vingine vinakupunguzia muda kwa yale ulisoma, na uulize hilo kwa maandishi kabla ulipe diploma. Mtu mwenye diploma na miaka mitatu ya kesi kwa mtaa kama Mukuru huwa anamshinda mwenye digrii safi bila siku moja ya kazi, nimeona hiyo mara nyingi.

Masters Marekani je? Kila mtu ana rafiki aliyeenda. Huko mfanyakazi wa jamii mwenye leseni analipwa vizuri ukilinganisha na hapa, ni kweli, lakini mwanafunzi wa kigeni hapati loni ya serikali yao, na ule mpango wao wa kufutia deni mtu aliyelipa mara 120 akifanya kazi ya umma ni wa hizo loni za serikali yao tu. So unaenda na skolashipu ama unaenda na shamba la baba. Bila skolashipu mimi ningekaa.

Na kwa wale tayari mmemaliza na mnasoma hii mkiwa na deni: ingia portal ya HELB leo uangalie salio, mwajiri akianza kukukata hakikisha kila mwezi ile pesa imefika huko kweli, juu kuna waajiri hukata na kukaa nayo. Kumbuka pia sheria ya ajira inasema makato yote yasipite theluthi mbili ya mshahara, so ukiona unabaki na chini ya theluthi, nenda HR na payslip mkononi. Ukimaliza deni itisha cheti hapo hapo, kazi za serikali zitakuuliza.